Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Erika na Mto Wetu

Ndugu wanachama, wakubwa zangu shikamooni, na wengine hamjambo.

Hesabu atazisoma mweka hazina. Kitalu chetu cha Chumbageni, hapa Tanga, kinaendelea vizuri, na ada mwaka huu zimelipwa kwa wakati. Ahsanteni.

Nataka kukaa kwenye jambo la erika, ule mmea wa milimani. Mnakumbuka tulinunua miche yake mwezi Februari, nami ndiye niliyeidhinisha fedha. Kufika Mei haukubaki hata mmoja. Tulimwagilia, tukaweka kivuli, lakini joto la pwani halipumziki usiku. Kosa ni langu na naomba radhi: nilipenda vile vijiua vyake vya umbo la kengele, sikuuliza kwao kukoje.

Sisi tuliopanda Kilimanjaro mwezi Septemba tumekuona huko kwao. Kwenye mita 3,000 hivi, msitu unapoishia, erika ni mti kabisa, matawi yanabeba ndevu za kijivu. Kila ukipanda inafupika, hadi inakuwa kichaka cha kufika magotini, kijani mwaka mzima. Majani ni membamba mno, kingo zimejikunja kwa chini ili yasipoteze maji, maana kule jua huchoma mchana na usiku maji huganda. Asubuhi ukungu ukapita. Niliushika mti mmoja, mkono ukalowa mpaka kwenye kiwiko, na mvua haikunyesha! Matone yale huanguka, ardhi ikanywa, na mengine hushuka polepole hadi mto Pangani, yakazungusha mitambo ya umeme ya Hale kabla ya kufika baharini kwetu.

Tuliona pia palipoungua. Moto wa Oktoba 2020 ulikaa siku nyingi mlimani. Erika huweza kuchipua tena shinani, ila moto ukirudirudi haipati kuwa mti, na ukungu hupita bila kushikwa. Niliumia kuona mashina yale meusi.

Kwa hiyo kamati inapendekeza tusinunue tena mimea ya milimani. Fungu la fedha za miche lililobaki liwasafirishe wanafunzi wa Pangani wakaone maji yao yanakotoka, na wasikie habari za moto kutoka kwa wanaouzima. Mwalimu mmoja ameshatuandikia kuomba nafasi. Barua yake anayo katibu. Tutapiga kura baada ya chai.