Shoga, niokoe kabla ya Jumamosi

Shoga yangu,

Salaam nyingi kutoka Ngamiani. Sisi wazima, joto tu, mama anakusalimu. Najua nimenyamaza tangu mfungo, utanigombeza tukionana. Sasa nina shida.

Wale mabinti wanne wa dada wataimba kwenye kitchen party ya Mwanaisha. Wimbo wenyewe Lady Marmalade, ule wa 2001, wa Christina Aguilera, Lil' Kim, Mýa na Pink kwenye filamu ya Moulin Rouge. Jana wako uani wanafanya mazoezi, viuno vinazunguka, babu akapita na kahawa yake. Unajua babu alivyozunguka na meli, Marseille anaijua kama Chumbageni. Akasimama. "Nani kawafundisha haya?"

Kumbe ile kauli ya Kifaransa tunayoikariri miaka yote, mwanamke anamwuliza mwanamume kama anataka kulala naye usiku huu! Mbele ya mama mkwe, shoga! Na sisi tuliiimba kwenye mahafali, walimu wakapiga makofi.

Nimejifariji kidogo: Patti LaBelle mwenyewe alisema alipoirekodi na wenzake wa Labelle, 1974, hakujua maana yake. Habari yenyewe ni ya mwanamke wa New Orleans anayeuza mwili, na bado ikashika namba moja Marekani. Halafu All Saints wa London wakaja na yao 1998, ile ya kaseti yako tuliyokuwa tukiirudisha kwa kalamu. (Bado nasema yao ndiyo tamu. Usianze.)

Mama hashangai. Anasema enzi za vikundi vya taarab vya Black Star na Lucky Star hapa Tanga mambo hayo hayo yaliimbwa, ila kwa fumbo. Mwenye kuelewa anainama, mtoto anacheza. Basi nikasema tutie Kiswahili pale penye Kifaransa. Nimehesabu, mizani kumi. Nikatunga: "Njoo tule embe yetu leo." Mama kacheka mpaka kakaa chini. Anasema heri ya Kifaransa.

Wasichana hawataki wimbo mwingine, sare zimeshashonwa.

Wewe ndiye mshairi wetu. Utanipatia mstari kabla ya Alhamisi? Na biti isiyo na sauti utaipata wapi huko Dar? Mwanaisha mwenyewe nimwambie, au ninyamaze? Unakuja lakini? Na ile kaseti, unayo bado?

Wako,
Mama Pili