Salamu za Shukrani: Msiba wa Mama Yetu

Familia ya marehemu mama yetu, aliyetutoka kwa saratani ya kongosho, inawashukuru nyote mliofika msibani, mliochanga na mliokesha nasi. Si rahisi kumfikia kila mmoja. Ila wapo ambao kazi yao tunaieleza hapa, maana mwenye mgonjwa kama huyu ataihitaji.

Madaktari wa endoskopi (kipimo cha kamera inayopitishwa mdomoni), asanteni. Uvimbe wa kichwa cha kongosho hubana mrija wa nyongo: macho huwa ya njano, mkojo rangi ya strungi, mwili huwasha usiku kucha. Kijirija kinachopitishwa mdomoni hadi hapo hufungua njia bila upasuaji. Cha plastiki huziba baada ya miezi kama 3. Cha chuma hudumu zaidi. Umanjano ukirudi na homa ya kutetemeka, ni hospitali siku hiyo hiyo, msingoje tarehe ya kliniki.

Wauguzi wa kemo, yaani dawa za kupambana na saratani, walisema ukweli mapema: ugonjwa ukishafika kwenye ini, kemo huongeza muda na kupunguza maumivu, haiponyi. Gemsitabini, moja ya dawa za kemo, kwa kawaida huingia mshipani mara moja kwa wiki kwa wiki 3, ya 4 ni ya kupumzika. FOLFIRINOX, mchanganyiko wa dawa za kemo wa kila wiki 2, ina nguvu zaidi, ila humtaka mgonjwa ambaye bado ana nguvu zake. Kwa yoyote kati ya hizo, homa ya nyuzi 38 ni dharura.

Hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, kwa mofini ya maji, dawa ya maumivu makali, Mungu awabariki. Hunywewa kila saa 4, kwa saa na si kwa kilio. Dozi ya kulalia daktari huweza kuiongeza maradufu ili mgonjwa asiamshwe usiku. Dawa ya kulainisha choo ianze siku ile ile. Anayeificha chupa kwa kuogopa uraibu anamtesa mgonjwa bure.

Majirani wa uji, mlipatia: kikombe kidogo, mara 6 kwa siku. Choo kikielea na mafuta, ulizeni daktari vidonge vya vimeng'enya, vya kusaidia kusaga chakula. Humezwa na tonge la kwanza, kwa maji baridi, maana chai ya moto huviharibu. Walioleta mitishamba, nia tumeipokea. Dawa hizo hatukumpa, ini lenye umanjano si la kubahatisha.

Mofini iliyobaki imerudishwa famasi ya hospitali. Kiti cha magurudumu na godoro la upepo vipo nyumbani. Mwenye mgonjwa aje achukue, hatudai kitu.