Mafundi wetu wafundishwe kujenga kuta za mawe bila saruji

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie ujenzi wa kuta za mawe zisizotumia saruji wala udongo, ufundi ambao sisi wakazi wa miteremko ya Dodoma tunauhitaji sana na ambao hauwezi kujifunzwa isipokuwa kwa kushika jiwe lenyewe.

Miaka minne iliyopita nilijengewa ukuta wa kuzuia udongo nyuma ya nyumba yangu hapa Ntyuka, wa mawe na saruji, wenye urefu wa mita tisa. Fundi hakuacha matundu ya kutolea maji. Mvua za Januari zilipokolea, maji yalijaa nyuma ya ukuta, yakakosa pa kupitia, na usiku mmoja ukuta wote ukalalia bustani ya mchicha.

Jirani yangu mmoja, mzee aliyewahi kuziba makorongo kwa mawe huko Kondoa wakati wa HADO, mradi wa hifadhi ya ardhi ulioanza mwaka 1973, aliniambia kwamba mawe yale yale yanatosha, bila kununua hata mfuko mmoja wa saruji. Alikubali kunielekeza kwa sharti kwamba niwaite vijana wa mtaani, nao wajenge kwa mikono yao. Tulikuwa watu saba na tulifanya kazi kwa siku nne.

Siku ya kwanza hatukujenga chochote. Tulibandua saruji kwenye mawe, tukayatenga kwa ukubwa, tukaweka kando yale mapana ya kufunikia juu, na vipande vidogo tukavirundika peke yake. Kesho yake tulichimba msingi hadi udongo mgumu, tukalaza mawe makubwa kuliko yote, na hapo ndipo makosa yetu yalipoanza kuonekana. Kila mmoja alikuwa akilaza jiwe ubavu wake mrefu ukitazama nje, kwa sababu hivyo ukuta huonekana kwenda haraka. Mzee aliyatoa yote akayageuza, urefu uingie ndani, ili jiwe lishikwe na uzito wa yaliyo juu yake. Jiwe moja likalie mawili, na mawili yakalie moja, pasiwepo ufa ulionyooka kutoka chini hadi juu. Vipande vidogo havikumwagwa kwa beleshi. Vilipachikwa kimoja kimoja nyuma ya mawe makubwa, na ukuta ukaegemezwa kidogo upande wa mlima. Maji sasa hupenya kila mahali, kwa hiyo hayapati nafasi ya kuusukuma.

Kijana mmoja dereva wa bodaboda aliweka jiwe ambalo wote tuliliona limekaa vizuri. Mzee akalipanda, akasimama kwa mguu mmoja, jiwe likacheza, akalitoa bila kusema neno. Mara ya tatu halikucheza. Somo hilo nisingeweza kumpa kwa maelezo, ingawa nimefundisha darasani miaka mingi.

Ukuta ule umepita misimu miwili ya mvua. Jiwe moja la juu liliangushwa na mbuzi, tukalirudisha siku hiyo hiyo.

Ufundi huu si mgeni kwetu. Engaruka, kaskazini mwa nchi yetu, kuna mabaki ya matuta na mifereji ya mawe ya wakulima wa karne nyingi zilizopita. Great Zimbabwe kuna kuta zinazofikia kimo cha mita 11 zilizojengwa bila chokaa. Na Wakonso wa Ethiopia wanaendelea kutunza matuta yao, ambayo UNESCO iliyaingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2011. Nchini Uingereza chama cha mafundi wa kuta hizi, kilichoanzishwa mwaka 1968, huendesha mafunzo mafupi ambayo mwanafunzi hubomoa na kujenga ukuta halisi, na anayetaka cheti hupimwa kwa ukuta alioujenga.

Ninaomba vyuo vya ufundi stadi na halmashauri za mkoa wetu vifanye vivyo hivyo: siku tatu au nne, kwenye kiwanja chenye tatizo la kweli, wanafunzi wachache kwa kila fundi, wakiwa na viatu vigumu na miwani ya kukinga macho. Kuta zenye kimo kinachozidi cha mtu, au zinazobeba barabara, ziachiwe wahandisi. Wa kwanza kuitwa wawe wale kina mama wanaogonga kokoto pembezoni mwa mji, kwa kuwa wanajua jiwe linapasukia wapi kuliko wengi wetu, na kazi hii inaweza kuwapa kipato kizuri zaidi ya ndoo za kokoto. Mafunzo yafanyike kati ya Juni na Oktoba, ardhi ikiwa kavu, ili kuta zikamilike kabla ya mvua za Desemba.

Mwalimu mstaafu,
Ntyuka, Dodoma