Mabomba ya sindano yasiyo na lebo

Ndugu wanataaluma wa usingizi na ganzi, salaam.

Juzi nilipopokea zamu nilikuta kwenye trei mabomba mawili ya mililita 5, yote yakiwa na dawa isiyo na rangi, moja likiwa na maandishi ya kalamu yaliyofutika kwa unyevu wa glavu. Niliyamwaga yote mawili, ingawa najua tunavyohangaika kupata dawa. Suksamethoniamu (dawa ya kulegeza misuli) na atropini (ya kuongeza mapigo ya moyo) zikishavutwa hazitofautiani kwa macho, na anayepewa ya kwanza kabla hajasinzia hulegea misuli na kushindwa kupumua huku akisikia kila kitu.

Naomba kila anayevuta dawa abandike lebo papo hapo, kabla ya kuliweka bomba chini: nyekundu kwa dawa za kulegeza misuli, njano kwa za kuanzishia usingizi, buluu kwa dawa kali za maumivu za jamii ya mofini. Jina na kipimo bado visomwe kwa sauti. Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, ya mwaka 2008, inataka mashine na dawa zikaguliwe kabla ya usingizi. Sisi huijaza mgonjwa akiwa amekwisha kulala (nami nimewahi kufanya hivyo). Roli za lebo ziko kabatini. Zikikaribia kwisha, nijulisheni hapa.