Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Waendesha Bodaboda, Busia, Uganda

Ndugu wanachama,

Hesabu atazisoma mhazini, na habari za wanachama wapya anazo katibu. Mimi nitasema juu ya jambo lililotukosesha usingizi mwaka mzima: wizi wa pikipiki na jinsi tunavyowashughulikia tunaowashuku.

Kwenye steji zetu husemwa kwamba sheria za Uganda ni laini, ndiyo maana wezi hawaogopi. Sikubaliani. Anayempiga mwenzetu nyundo ya kisogo na kuondoka na pikipiki hushtakiwa kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, na adhabu yake ya juu ni kifo. Kabla ya kesi ya Susan Kigula na wenzake waliokuwa wamehukumiwa kifo, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu mwaka 2009, jaji hakuwa hata na hiari: akishakutia hatiani, ni kitanzi. Mwaka 1999 watu 28 walinyongwa katika gereza la Luzira. Je, unyang'anyi ulikoma? Wenye umri wangu wajibu wenyewe.

Mwizi hapigi hesabu ya miaka atakayofungwa. Hujiuliza kama atakamatwa, na akikamatwa, kama kesi itafika mwisho. Hapa kwetu mpakani pikipiki ikipita njia ya panya usiku, kunakucha iko upande wa Kenya na namba nyingine. Na hata akinaswa, anajua mlalamikaji atachoka kabla yake.

Hapo ndipo lawama inapotugusa. Kesi za wanachama wetu zilizoanguka mwaka huu zilianguka zaidi kwa sababu mashahidi hawakutokea. Tarehe inaahirishwa mara ya kwanza, mara ya pili, na mtu anaona heri abebe abiria kuliko kushinda kwenye benchi la mahakama. Namwelewa, kwa maana siku isiyo na abiria haina posho. Sisemi rushwa haipo. Askari anayekudai pesa ya mafuta ndipo aende kumkamata mshukiwa tunamfahamu sote. Lakini hakimu hawezi kumfunga mtu kwa ushahidi ambao haukuletwa.

Halafu kuna tairi na petroli. Wapo watakaoninunia, ila nitasema. Mshukiwa tukimchoma, tumemchoma pia mtu pekee aliyejua nani hununua pikipiki zetu. Maiti haimtaji mnunuzi, na mnunuzi kesho anatafuta kijana mwingine wa kumtuma. Mwaka huu kijana mmoja aliponea chupuchupu mikononi mwetu, kumbe pikipiki aliyokuwa nayo alikodishiwa na mwenyewe. Tuliomba radhi kwa wazazi wake. Tungechelewa kidogo, tungewaomba radhi kaburini.

Na sisi wenyewe tunataka haki. Polisi wakifanya msako na kutuzoa steji nzima, mbio tunakumbuka Katiba: Ibara ya 23 inataka mtu afikishwe mahakamani ndani ya saa 48, na bondi ya polisi, yaani kuachiwa kwa dhamana kituoni, ni bure, hata kama mtu wa kaunta ana maneno mengine. Mwaka 2022 Mahakama ya Katiba ilifuta vifungu vya uzururaji vilivyokuwa vikiwabeba vijana kwa sababu tu wameonekana mahali pasipowapendeza wakubwa. Tulishangilia. Basi Ibara ya 28, inayosema mtu hana hatia mpaka ithibitike au akiri mwenyewe, inamhusu pia yule tunayemshuku. Huwezi kujidai saa 48 wewe, mwenzako ukampa dakika tano.

Watu huuliza, na mwenye pikipiki atapata nini mtu akifungwa? Ibara ya 126 inazitaka mahakama zihakikishe aliyedhulumiwa anafidiwa vya kutosha. Kwa hiyo ukifika mbele ya hakimu, taja hasara yako, na uwe na stakabadhi. Wengi wetu hununua pikipiki kwa mkono na kadi hubaki kwa jina la mwenye zamani. Hilo turekebishe mwaka huu.

Kamati inaleta mapendekezo mawili. Kwanza, sehemu ya michango ya kila wiki iwekwe kando, imlipe shahidi nauli na posho ya siku anayokwenda mahakamani. Pili, mshukiwa akikamatwa steji, kiongozi wa steji amwite mwenyekiti wa LC I, yaani baraza la kijiji, na kumkabidhi mshukiwa kwa polisi, na mwanachama atakayempiga asimamishwe miezi mitatu. Pendekezo la pili lilipingwa vikali ndani ya kamati, na waliolipinga watapewa nafasi ya kusema. Kura itapigwa leo, kabla ya chakula.