Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam: Choo kikishakabidhiwa, luku analipa nani?

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Kampuni za mkoa huu zinatoa michango kwa miradi ya jamii, hilo hatulikatai. Shida huanza hundi ya mfano ikishapigwa picha.

Chukua vyoo vya shule. Mwongozo wa Taifa unataka tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Shule yenye wasichana 400 na wavulana 400 inahitaji matundu 36. Mfadhili hujenga sita, yenye vigae, na jina lake ukutani. Matundu yakielemewa, karo la majitaka hujaa upesi, na kule mabondeni maji ya ardhini huingia shimoni kila masika. Gari la majitaka linadai pesa, pampu ya kisima inadai luku, na ruzuku ya shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, tena sehemu yake ni ya vitabu. Kisima kikichimbwa karibu na pwani bila maji kupimwa chumvi, koki za chuma zinaliwa na kutu. Mwalimu mkuu afanyeje? Anatia kufuli. Vyoo vya vigae vinageuka stoo ya mifagio.

Migodi inabanwa na Sheria ya Madini tangu marekebisho ya 2017: kila mwaka mpango wa kuhudumia jamii, na halmashauri iukubali kwanza. Viwanda vya Barabara ya Nyerere havina kamba hiyo. Hatuombi vifungwe nayo. Tunaomba halmashauri zako tano zitoe orodha ya mahitaji ya kila kata, yenye makadirio ya mhandisi, kabla kampuni hazijafunga bajeti zao. Na kila makubaliano yataje nani ananyonya karo, nani ananunua luku, kwa miaka mingapi. Sehemu ya kumi ya gharama ikitengwa kwa matengenezo, si haba.

Faida kwa kampuni? Tazama mfereji wa maji ya mvua. Kiwanda kikisakafia mpaka getini kwake tu, maji humwagikia kwa jirani, taka zinaziba, barabara inajaa na lori lenye mzigo linalala njiani. Mfereji ufike kwenye mkondo mkuu, na mteremko usipungue nusu sentimita kwa mita. Chini ya hapo mchanga unatuama. Kazi hiyo haina utepe wa kukata, labda ndiyo maana haina wenyewe.

Halafu karatasi. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004, kifungu cha 16, inaruhusu michango ya miradi ya maendeleo ya jamii kupunguza mapato yanayotozwa kodi, kwa ukomo wa asilimia 2. Mhasibu asipopata barua ya halmashauri inayotaja mradi, kiasi na tarehe, hana cha kumwonyesha mkaguzi, na mwakani bosi wake hatoi. Barua hiyo itoke ndani ya siku 14 baada ya makabidhiano, ikiwa na mhuri.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Wahandisi na wahasibu wa miradi ya jamii,
Dar es Salaam