Msiuze pedali za zamani za gitaa kwa kilo

Ndugu Mhariri,

Salamu kutoka Kaloleni, Arusha. Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo limenikaa kooni, na kila nikiongea na wapiga gitaa wenzangu naona na wao linawauma ila hakuna anayeliandika. Kuna kanisa moja hapa mjini, sitalitaja, mwaka huu wamesafisha stoo, vyombo vya zamani vya kwaya vikatolewa nje, spika zilizopasuka, stendi za maiki, waya zilizooza, na kwenye boksi moja kulikuwa na pedali za gitaa za Japani za miaka ya themanini, ovadraivu mbili na korasi moja (ile inayofanya gitaa lisikike kama mawili), zote zikawekwa kwenye mzani wa vijana wa vyuma chakavu kwa sababu maboksi yake ni ya aluminiamu. Mi nimepata habari kesho yake, nikaenda mbio, nikaambiwa mzigo umeshaondoka. Kwa hiyo saa hizi inawezekana zimeshayeyushwa, zinapikia mtu ugali.

Asiyepiga gitaa atasema kwani kuna nini, si vidude vya kukanyaga tu. Hapana jamani. Ngoja nieleze.

Pedali ya ovadraivu inakaa chini miguuni, katikati ya gitaa na amplifaya, ukiikanyaga inawaka kataa kadogo kekundu na sauti ya gitaa inapata mkwaruzo, inanenepa, inang'ang'ania hewani kidogo kabla ya kufa. Mkwaruzo wenyewe ulianzia kwenye ubovu. Amplifaya za taa, zile zenye chupa za kioo ndani badala ya transista, ukizifungulia mpaka mwisho zinazidiwa, sauti inaanza kupasuka, na watu wakagundua kwamba kupasuka kwenyewe ni kutamu. Link Wray kule Marekani alitoboa spika za amplifaya yake makusudi ili zikwaruze, hiyo ni 1958. Halafu mwanzoni mwa miaka ya sitini studio moja ya Nashville chaneli ya miksa ikaharibika watu wakiwa wanarekodi, fundi mitambo Glenn Snoddy badala ya kuutupa ule ubovu akautafutia namna ya kuutengeneza tena kwa transista ndani ya kiboksi, na 1962 kikaingia sokoni kinaitwa Maestro Fuzz-Tone. Hiyo ndiyo fazi, kali, inakata. Jirani zetu Wazambia miaka ya sabini waliishika hiyo fazi ile mbaya, bendi kama WITCH, Amanaz, Ngozi Family, asiyewajua awatafute leo leo.

Ila ovadraivu ninayoililia mimi ni ile laini, na hiyo tuliletewa na Wajapani. Kampuni ya Boss walitoa OD-1 mwaka 1977, ya njano, nobu mbili tu za kuzungusha basi. Mwishoni mwa miaka hiyo ya sabini ikaja Ibanez TS808, ile Tube Screamer ya kijani, aliyeibuni ni Susumu Tamura wa kampuni ya Maxon, ndio waliokuwa wanawatengenezea Ibanez. Baadae SD-1 ya Boss mwaka 1981, na TS9 ya Ibanez mwaka 1982. Hizi ndizo zilizofika kwetu, moja moja, kwa njia zake.

Na hizo njia zake tusizisahau. Wakati ule pesa za kigeni hamna, duka la kuuza pedali hamna, vyombo ni mali ya bendi na bendi yenyewe ni mali ya chama cha wafanyakazi au shirika au jeshi, mpiga gitaa anaweza kuwa anajulikana nchi nzima na gitaa analopiga sio lake. Pedali inaletwa na baharia, au mmisionari anaondoka kurudi kwao anaachia kwaya, au mtalii amekaa hotelini wiki mbili kaipenda bendi. Kwa hiyo ikishafika inatunzwa. Mzee aliyenifundisha solo, alikuwa bendi ya hoteli moja hapa Arusha, ya kwake alikuwa anaifunga kwenye kitambaa cha flana na betri anaichomoa kila usiku, na ukiomba kujaribu anakuuliza kwanza umenawa mikono.

Sasa nieleze inafanyaje kazi, maana hapa ndipo watu wanadhani tunaongelea ushamba wa kupenda vitu vya zamani. Nimesimama kwa fundi redio mmoja maeneo ya Ngarenaro amefungua TS9 mezani, skrubu nne chini, kifuniko kikatoka, ndani kuna kibao cha saketi kidogo, chipu ya miguu nane imeandikwa JRC4558D, dayodi mbili ndogo (vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu) zimelazwa moja inaelekea huku nyingine kule, kapasita, rezista, volyumu tatu za nobu, mwisho. Hakuna kompyuta. Umeme unaotoka kwenye gitaa ni mdogo sana, chipu inaukuza, na wimbi likishafika kama volti 0.6 zile dayodi zinafunguka zinabana kile kilele. Utamu wote ni kwamba zimefungwa kwenye njia inayorudisha umeme kutoka mwisho wa ile chipu mpaka mwanzo wake, kwa hiyo hazikati pu! zinabana taratibu, na hapo mkono wako ndio unaamua. Gusa nyuzi kwa upole, sauti safi. Chapa kidogo, inaanza kukwaruza pembeni. Chapa kweli kweli, inalia. Hujagusa nobu hata moja, ni kidole tu. Mpiga solo mzuri anaongea na pedali yake hivyo ukumbi mzima unasikia hasira yake na huruma yake ndani ya wimbo mmoja.

Halafu kuna hili la pili ambalo kwa bendi zetu ndilo kubwa. Tube Screamer kabla ya kukwaruza inapunguza besi, na inasukuma sauti ya kati, pale karibu na hezi 720. Ukiwa peke yako chumbani unaweza kuiona inabana, inapiga puani. Weka sasa kwenye bendi ya watu kumi, gitaa la besi, ridhim, solo la pili, tumba, dramu, trampeti mbili zinakupigia sikioni, unakanyaga pedali na gitaa lako linapita katikati yao bila kuongeza volyumu hata kidogo na bila kumfunika mwimbaji. Najua wakali wetu wa dansi walipiga gitaa safi, sio la kukwaruza, na mi napenda hivyo hivyo. Lakini yule mzee wangu alichokuwa anafanya ni kushusha nobu ya draivu, ile ya mkwaruzo, mpaka karibu na sifuri halafu level, ile ya ukubwa wa sauti, anapandisha, amplifaya inasukumwa kidogo, gitaa linabaki safi ila limeshiba. Ukimsikiliza hujui kama amekanyaga kitu. Akizima ndio unagundua kuna kitu kimeondoka.

Leo ingia kwenye ibada nyingi za Arusha na Moshi, ingia hata kwenye kumbi za harusi, dogo anapiga gitaa vizuri kabisa, vidole anavyo, ila gitaa limechomekwa moja kwa moja kwenye miksa na sauti inatoka kama nyuki kwenye kopo. Au amechomeka kwenye simu, au kale kaprosesa ka bei ya chini kenye sauti mia moja ambazo tisini hazifai. Simlaumu, ndicho alichokipata, na sikatai kwamba mashine za kisasa za bei kubwa zinaiga vizuri sana, nimezisikia. Ila hizo kachalii haka ka mtaa wa Sakina kanazitoa wapi? Na wakati huo huo pedali nzima iko kwenye stoo ya kanisa hilo hilo nyuma ya madhabahu, imelala na vumbi kwa sababu mtu mmoja zamani aliichomeka haikuwaka akasema imekufa.

Nyingi hazijafa, hili naomba lisomwe na kila mwenye stoo. Kwanza, adapta. Pedali hizi nyingi plagi yake katikati ni hasi, nje ni chanya, wakati adapta nyingi za redio za mtaani ni kinyume chake, ukichomeka haiwaki na ukibahatika vibaya unaunguza kitu ndani. Soma mchoro ule mdogo wa duara pembeni ya tundu kabla hujachomeka. Pili, zile Boss za mwanzo kabisa zilitengenezwa kwa adapta ya aina yake, ukizipa volti 9 za adapta ya siku hizi taa inafifia na sauti inakuwa dhaifu, watu wanadhani mbovu kumbe ziweke betri ya mraba uone. Tatu, waya wa gitaa ukibaki umechomekwa kwenye tundu la kuingilia, betri inaendelea kuliwa hata kama taa imezimwa, ndio maana yule mzee alikuwa anachomoa. Betri ikiachwa ndani miaka inavuja, inakula zile bati za kugusia, na hiyo fundi anabadilisha kwa dakika chache. Nobu ikikwaruza ukizungusha ni vumbi, inasafishwa. Basi, magonjwa ni hayo hayo.

Na ndio sababu nasema za zamani zina thamani kwetu kuliko jina lake. Vipande vyake ni vikubwa, vina miguu inayopita kwenye kibao, fundi yeyote wa redio mwenye pasi ya risasi na macho mazuri anatoa kibovu anaweka kizima. Pedali nyingi za siku hizi vipande vyake ni vya kubandikwa juu, vidogo kuliko punje ya mchele, kikiharibika kimoja unatupa yote. Mimi kwa masikio yangu naisikia ile ya zamani ina ulaini ambao mpya haina, ila sitabishana na mtu kuhusu uchawi wa chipu, maana SD-1 hata leo inatengenezwa na TS808 ilirudishwa sokoni, mwenye pesa na ndugu ulaya anunue mpya apige, Mungu ambariki.

Ninachokataa ni hii habari ya bei za wakusanyaji ambayo imeanza kufika mpaka huku. Kuna pedali moja inaitwa Klon Centaur, Bill Finnegan wa Massachusetts alianza kuitengeneza 1994, kwa mkono, zikatoka kama 8,000 hivi halafu akaacha, leo moja inauzwa maelfu ya dola. Ni pedali nzuri, sina ugomvi nayo. Finnegan mwenyewe alipotoa nyingine baadae, KTR, aliandika juu ya boksi lake kwamba zile kelele za sifa zinazowaudhi watu sio yeye aliyezianzisha. Sasa vijana wanasoma habari za dola elfu kadhaa wanakata tamaa, wanaona sauti nzuri ni ya matajiri, au wakiipata moja kwa mzee wa bendi wanaikimbiza Nairobi kumuuzia mkusanyaji ikakae kwenye kabati la kioo. Pedali ni ya kukanyagwa. Rangi ikitoka ndio imefanya kazi.

Huu mji una damu ya gitaa, watu wanasahau. Kina Kinyonga, Wilson na George, kabla hawajavuka Kenya mwaka 1971 na kuwa Simba Wanyika, walikuwa hapa hapa na bendi inaitwa Arusha Jazz. Yale magitaa matatu yanayojibizana ambayo Afrika Mashariki yote inayacheza mpaka leo yamepita hapa kwetu. Mtoto wa Arusha anayeshika gitaa leo anastahili kupewa chombo kinachomjibu mkono wake.

Kwa hiyo ombi langu kwa wachungaji, mapadri, mameneja wa hoteli, wakuu wa shule na vyuo wenye stoo Arusha na Moshi ni hili, kabla hamjaita mtu wa vyuma chakavu iteni kwanza mpiga gitaa mmoja na fundi redio mmoja, wapeni nusu saa tu ndani ya hiyo stoo. Kitakachowaka kibaki kwa kwaya yenu, kisichowaka fundi akichukue kwa vipuri. Kwa kilo mnapata hela ya soda, mnapoteza kitu ambacho hamtakiona tena dukani hapa.

Na kwako Mhariri, gazeti lako kila wiki lina waimbaji, nani kaachana na nani, nani kanunua gari. Mpe mwandishi wako siku mbili tatu awafuate wapiga solo na mafundi waliokuwa wanazitengeneza hizi pedali kwa taa ya chemli, awaulize walikuwa wanaziseti vipi, draivu ngapi, level ngapi, walibadilisha dayodi gani walipokosa za Kijapani, ayaandike yote hata kama yanaonekana ya kifundi sana, sisi tutasoma. Aanze na Moshi, Majengo na Pasua kule, maana wengi wao ni wazee sana sasa na hakuna aliyewahi kuwauliza.

Mpiga gitaa,
Kaloleni, Arusha